Madumu Mawili ya Kwenda Maporomokoni

Kila jioni, baada ya kuvua sare ya shule na kuitundika nyuma ya mlango, msichana mmoja alikuwa na kazi ambayo hakuruhusiwa kuisahau. Alipaswa kuchemsha maji ya kunywa. Aliyateka kwenye bomba la uani, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayamimina katika sufuria na kuyabandika jikoni. Yalipokwisha kuchemka aliyaepua, akayafunika, na kuyaacha yapoe hadi asubuhi.

Mama yake alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha, hivyo aliweza kulitazama jiko bila kuondoa mguu kwenye pedali.

"Yamechemka?" mama aliuliza.

"Yamechemka, mama."

"Yamechemka au yanaimba tu?"

Msichana alifunua kifuniko. "Yanaimba, mama."

"Basi ngoja mpaka yacheze."

Mazungumzo hayo yalirudiwa karibu kila siku, hasa katika majira yale ya mvua, kwa kuwa maji ya bomba yalikuwa yakitoka na rangi ya chai isiyokolea. Bwana afya alipita mitaani na kipaza sauti akiwaonya watu wasiyanywe kabla ya kuyachemsha. Kwa hiyo msichana huyo hakuwa mtu wa kufundishwa habari za maji. Alizijua vizuri kama alivyojua njia ya kwenda shule.

Shuleni wenzake walimwita Kimbelembele. Hawakumwonea. Mwalimu alipouliza swali, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijakwisha. Alipotakiwa mtu wa kufuta ubao, kuokota karatasi au kumwita mwalimu wa zamu, yeye alikwisha kusimama. Hakupenda kazi zote hizo. Alichopenda ni kuwa wa kwanza.

Ijumaa moja, Mwalimu wa Sayansi aliwakusanya wanachama wa Klabu ya Mazingira kwenye veranda. Uso wake ulikuwa uking'aa kama wa mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

"Tunakwenda!" alisema. "Kesho tunakwenda maporomokoni!"

Kelele zilizofuata ziliwafanya wanafunzi wa darasa la jirani wachungulie madirishani.

Kila mtoto wa mji ule alikuwa amesikia habari za maporomoko hayo. Wageni walitoka nchi za mbali kwenda kuyatazama. Walipita mjini katika magari marefu yenye viyoyozi, wakiwa wamevaa kofia pana na kubeba kamera shingoni. Lakini watoto waliozaliwa mwendo wa saa chache tu kutoka hapo walikuwa wakiyaona kwenye kalenda za ukutani. Nauli, malazi na chakula cha kununua vilikuwa vitu vya watu wengine.

"Tutasafiri kwa namna yetu," Mwalimu alieleza. "Lori linapeleka saruji kwenye kituo cha askari wa msitu, na dereva amekubali kutupakia. Wanafunzi huingia msituni bure. Chakula kila mtu atabeba cha nyumbani. Tutakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo hatuhitaji kulala hotelini."

"Dereva ni mjomba wangu," alisema mvulana mmoja kwa fahari. Huyo wenzake walimwita Bwana Swali. "Mwalimu, na maji ya kunywa? Wageni hubeba maji ya chupa. Sisi je?"

Mwalimu aliacha kutabasamu. "Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mnakumbuka ziara ya mwaka jana?"

Walikumbuka. Wanafunzi waliowatangulia walikwenda ziarani ziwani, wakanywa maji ya bomba waliyoyakuta njiani, na wakarudi wakiwa wamejikunja juu ya mabegi yao huku wakilia kwa maumivu ya tumbo. Wengine walilazwa. Mwalimu Mkuu alizifuta ziara zote siku ile ile.

"Nimembembeleza muhula mzima," Mwalimu alisema. "Amekubali safari hii moja iwe ya majaribio. Akiumwa tumbo hata mmoja wenu, hapatakuwa na ziara nyingine katika shule hii. Nami nimemwahidi kwamba ikitokea shaka yoyote kuhusu maji, tutageukia hapo hapo tulipofikia na kurudi. Tutabeba madumu mawili. Kwa hiyo namtaka kiranja wa maji, mtu wa kuaminika, ambaye ata—"

"Mimi, Mwalimu!"

Wenzake walicheka. Mkono wa Kimbelembele ulikuwa juu, tena alikuwa amesimama kwa ncha za vidole.

"Hata sijamaliza kusema kazi yenyewe," Mwalimu alisema.

"Kuchemsha maji ya kujaza madumu mawili, kuyapoza na kuyaleta. Nyumbani ni kazi yangu ya kila siku, Mwalimu."

"Vizuri. Yachemshe leo jioni, ili usiku mzima yawe yanapoa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alitoka shuleni akikimbia. Aliazima sufuria kubwa kwa jirani, akayasuuza madumu, akateka maji, akakoka mkaa. Hadi hapo kila kitu kilikwenda sawasawa. Tatizo lilikuwa viatu. Binamu yake alikuwa amemwazima viatu vya michezo vyenye soli nene, na mara alipovivaa hakuweza tena kutulia. Alipanda kitandani na kushuka ili kuvijaribu. Alipanda juu ya sanduku la nguo. Alikwenda kumwonyesha jirani, akarudi, akaufungua mfuko wake, akaupanga upya, akaufunga, kisha akaufungua tena. Giza lilipoingia, mkaa ulikuwa umegeuka majivu na maji yalikuwa bado kwenye ndoo, ya baridi.

"Wewe msichana," mama aliita kutoka kwenye cherehani, "mbona sioni moshi huko?"

"Nitayachemsha alfajiri, mama. Yawe mapya!"

"Yatapoa saa ngapi?"

"Yatapoa njiani, mama."

Mama alikuwa na sare za watu za kumaliza. Alitikisa kichwa, akaendelea kushona.

Alfajiri msichana aliamka, akakoka moto na kuupepea hadi mkono ukamuuma. Sufuria kubwa haichemki haraka eti kwa sababu mtu ana haraka. Iliimba, ikaendelea kuimba. Hatimaye maji yalicheza, nayo honi ya lori ikalia barabarani wakati ule ule.

"Haya, wanakuja!" mama aliita kutoka ndani, ambako alikuwa akimfungia mkate na mayai.

Msichana alichota maji kwa kata na kuyamimina katika dumu la kwanza. Plastiki ililegea. Mbele ya macho yake dumu lilijikunja kiunoni kama mzee aliyeshikwa na mgongo. Akaacha kumimina. Maji yalikuwa ya moto mno, na honi ililia mara ya pili.

Kando yake palikuwa na ndoo ya maji aliyoyateka jana bombani. Aliitazama. Akatazama mlango wa ndani. Halafu akachota kata moja ya maji ya ndoo, akaiongeza katika sufuria. Akaongeza nyingine, na nyingine, mpaka mvuke ukapungua na plastiki ikastahimili.

"Yaliyochemka ni mengi," alijiambia. "Ya bomba ni machache."

"Maji tayari?" mama aliuliza.

"Tayari, mama! Yamechemka!"

Barabarani Mwalimu alishuka kumsaidia kupakia. Aliweka kiganja juu ya dumu. "Bado yana uvuguvugu," alisema kwa furaha. "Joto la jikoni hili. Umeyachemsha vizuri?"

"Yamechemka, Mwalimu, mpaka yakacheza."

Hakuna neno la uongo katika jibu hilo. Hata hivyo aliposema alikuwa akivitazama viatu vyake.

Safari ilikuwa tamu tangu mwanzo. Walikaa juu ya mifuko ya saruji, chini ya turubai lililopigwa na upepo kama ngoma. Mjomba wa Bwana Swali alitoa kichwa dirishani.

"Nyinyi huko nyuma! Asimwage mtu maji juu ya saruji yangu. Mtaganda, niwashushe mkiwa sanamu!"

"Mjomba, saruji huganda baada ya muda gani?" Bwana Swali aliuliza.

"Ukiuliza mara moja zaidi nitaijaribu kwako!"

Walicheka hadi wakakohoa vumbi. Waliimba nyimbo zote walizozijua, kisha wakazirudia. Nyumba zilipungua, mashamba yakaanza, mashamba nayo yakaisha. Upande wa kushoto mlima ukainuka, mweusi kwa miti, na mawingu yakiwa yamekaa mabegani mwake. Mtoto mdogo kuliko wote katika klabu, ambaye walimwita Kidonge, alisimama ghafla na kunyoosha mkono.

"Ule mstari mweupe ni nini?"

Mbali, katikati ya kijani, mstari mwembamba ulining'inia kama uzi uliosahauliwa kwenye nguo.

"Ndiyo yenyewe," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maporomoko."

Hakuna aliyekaa tena.

Kituo cha askari wa msitu kilikuwa nyumba moja ya mbao, ghala lililokuwa likijengwa, na meko ya mawe chini ya kibanda cha mabati. Nyuma ya nyumba kijito kilipita kikipiga kelele juu ya mawe. Watoto walishuka wakiwa weupe kwa saruji kutoka nywele hadi magoti. Dereva aliteremsha mzigo wake, akaahidi kuwafuata alasiri, akaondoka.

Askari alikuwa mama wa makamo aliyevaa viatu vya mpira vilivyofika magotini. Aliwatazama, akaweka mikono kiunoni.

"Nimeambiwa nitaletewa wanafunzi, mbona nimeletewa mizimu?"

"Shikamoo, mama!" walipaza sauti kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Sikilizeni masharti yangu, ni machache. Hakuna kuchuma, hakuna kurusha mawe, na ikifika saa sita mchana sifungulii mtu geti. Mvua hushuka mchana huko juu, na njia inakatiza kijito. Kikijaa, aliye ng'ambo hulala ng'ambo. Kwa hiyo kama mnataka kuona maji yakianguka, msichelewe."

Bwana Swali alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya kijito. "Mama, maji haya ni safi kama kioo. Mbona tusinywe haya tu?"

"Kwa sababu kioo hakionyeshi vijidudu. Nyani wanaoga huko juu, mbogo wanapita, na watu pia wanapita. Mimi mwenyewe nayachemsha."

"Na nikichanganya? Kidogo ya kijito na mengi yaliyochemshwa?"

Askari alicheka. "Basi hukuchemsha kitu. Ukitia tope kidogo katika maziwa utasema ni maziwa? Mdudu haulizi wako wangapi walioingia naye."

Wenzake walicheka pia. Kimbelembele hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya madumu mawili, akiyatazama.

"Haya," Mwalimu alisema, "kila mtu anywe kikombe kimoja, halafu tuingie msituni. Kidonge, wewe mdogo wetu, anza."

Kidonge alikinga kikombe. Maji yaliingia kwa sauti nzuri, meupe, matulivu. Watoto walijipanga nyuma yake wakisukumana. Kimbelembele alitazama mlima. Aliona njia ikiingia kati ya miti, na akasikia, mbali sana, ngurumo isiyokoma. Akisema, hawatayaona maporomoko. Watageuka, kwa kuwa Mwalimu ameahidi. Watarudi na saruji yao vichwani, na kila mtu atajua ni kwa ajili ya nani. Pengine hakuna atakayeumwa. Pengine.

Kidonge aliinua kikombe.

"Usinywe!"

Sauti ilimtoka kwa nguvu hata ndege wakaruka. Aliruka yeye naye, akakipiga kikombe, maji yakamwagika kifuani mwa Kidonge.

"We, vipi?" Kidonge alilalama. "Nimekukosea nini?"

"Msinywe. Mwalimu, asinywe mtu." Alimgeukia Mwalimu. "Maji yalichemka. Lakini hayakupoa, dumu likaanza kujikunja, na lori lilikuwa linapiga honi. Nikaongeza maji ya bomba."

Mwalimu aliliweka dumu chini.

"Kiasi gani?" Mwalimu aliuliza.

"Sijui, Mwalimu. Kata kadhaa."

"Hayakuchemshwa?"

"Hayakuchemshwa."

"Na asubuhi nilipokuuliza?"

Machozi yalimjaa, akayaacha.

Wenzake ndio waliojibu kwa niaba yake. "Umetuponza!" "Kila kitu mimi, mimi, mimi, ona sasa!" "Kimbelembele wa kutuua!" Hata Bwana Swali, ambaye hakuwa mgomvi, alitupa mfuko wake chini. "Kweli kabisa? Mimi nimemsumbua mjomba wiki nzima kwa ajili ya hii safari."

"Nyamazeni," Mwalimu alisema. Alimwaga dumu la kwanza polepole kwenye majani, kisha la pili. Hakuonekana kukasirika, na hilo liliuma zaidi. "Niliahidi kwamba tutarudi. Lori halipo. Tutakaa hapa hadi alasiri."

Askari alikuwa akisikiliza. "Kuni ninazo, sufuria ninayo, na meko hayo hapo," alisema. "Tanki langu la mvua lina maji. Kuchemsha si tabu. Shida ni kupoa. Sufuria kubwa hiyo, mpaka maji yake yaweze kunyweka, saa sita itakuwa imepita zamani."

"Tuyachemshe hata hivyo," Mwalimu alisema. "Watoto lazima wanywe. Maporomoko tutayasikia kwa masikio."

Wakawasha moto. Wengine walileta kuni, wengine wakapepea, lakini hakuna aliyeimba. Kimbelembele alipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, na hakuna aliyeweza kujua ni moshi au ni jambo jingine. Safari hii hakuondoka mekoni. Maji yaliimba, akangoja. Yakaanza kucheza, akangoja bado, mpaka Mwalimu aliposema yatosha.

Kisha alikwenda kijitoni kunawa uso. Alitumbukiza mikono, akaitoa upesi. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuumiza mifupa, kwa kuwa yalitoka juu mlimani jua lisikofika. Akaitumbukiza tena, akaitazama mikono yake ikiwa ndani. Baada ya muda mfupi hakuzisikia tena ncha za vidole.

Alisimama ghafla, akakimbia hadi mekoni huku akidondosha maji.

"Mwalimu! Kijito kinaweza kuyapoza!"

"Yule anataka kuchanganya tena!" mtu alisema, na wengine wakaguna.

"Sichanganyi! Sufuria ifunikwe, ikae ndani ya kijito mahali pasipo na kina. Baridi ipite kwenye bati. Maji ya kijito yabaki nje, ya kwetu yabaki ndani. Hayakutani."

Mwalimu alimtazama askari. Askari alimtazama Mwalimu.

"Pale nyuma pana mahali maji hayafiki magotini," askari alisema. "Naosha nguo zangu hapo."

Mwalimu na askari walipitisha mti imara katika mikono ya sufuria, wakaibeba kwa uangalifu, watoto wakiwa wamekaa mbali kama walivyoamriwa. Waliishusha kati ya mawe mawili. Maji ya kijito yalifika nusu ya sufuria, chini sana ya kifuniko, nao wakaweka jiwe juu ili kisiteleze. Sufuria ililia *shii*, mvuke ukapanda, kisha ikanyamaza. Kijito kiliizunguka na kuendelea na safari yake, kikichukua joto na kwenda nalo.

"Mwalimu, kwa nini haipoi hivi ikikaa hewani?" Bwana Swali aliuliza. Hasira zilikuwa zimemwisha; swali lilikuwa kubwa zaidi.

"Kwa sababu hewa ni mvivu wa kubeba joto, na maji yanayotembea kila mara huleta mikono mipya."

Walimzunguka Mwalimu, wakaanza kuitazama sufuria. Mmoja alisema imepoa. Mwingine alisema bado. Kidonge alitumwa kugusa bati la sufuria kila mara, naye alirudi kila mara na habari kama mtangazaji wa mpira.

"Moto!"

"Moto kiasi!"

"Kama chai ya jana!"

Waliyasuuza madumu kwa maji yaliyochemka, wakayajaza, na Mwalimu akanywa kikombe cha kwanza mbele yao wote. Askari alitazama saa yake, akashika geti la mbao.

"Saa sita haijafika," alisema. "Lakini inanyemelea. Miguu juu!"

Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa zizi. Mwalimu aliwazuia kwanza getini. "Sijasahau ahadi yangu," aliwaambia. "Niliahidi kugeuka ikiwapo shaka. Maji haya nimeyaona yakichemka na nimeyanywa, kwa hiyo shaka haipo. Nitamweleza Mwalimu Mkuu yote." Kisha hata yeye akakimbia.

Njia ilipanda kati ya majani makubwa kama miavuli. Mbega walijirusha juu ya vichwa vyao, mikia myeupe ikipepea. Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, alipita, na mbawa zake zilivuma kiasi kwamba Kidonge alilala kifudifudi akidhani ni ndege ya abiria. Walivuka kijito kwa kamba, mmoja mmoja, askari akiwashika mikono. Walibeba madumu kwa zamu, wawili wawili, mti ukiwa mabegani. Kimbelembele hakuomba kupokewa. Lakini walipofika mwinuko mkali Bwana Swali alichukua upande mmoja wa mti bila kuulizwa na bila kuuliza, jambo ambalo lilikuwa geni kwake.

Ngurumo iliongezeka hadi wakawa wanaisikia kifuani. Hewa ikawa na unyevu. Walipinda kona, wote wakasimama.

Uzi ule mweupe waliouona kutoka kwenye lori ulikuwa mto mzima ulioanguka kutoka mbinguni. Ulipasuka juu ya mwamba, ukawa moshi, moshi ukawa upinde wa mvua uliosimama karibu nao kiasi kwamba Kidonge alinyoosha mkono kuushika. Mvua isiyotoka mawinguni iliwanyeshea, ikaiosha saruji kwenye nywele zao. Walipiga mayowe na hawakuyasikia mayowe yao wenyewe. Mwalimu wa Sayansi alikuwa amevua kofia yake na kuitupa juu.

Hawakukaa sana. Askari aliyatazama mawingu, akapiga filimbi, wakaanza kushuka. Mvua ya mchana iliwakuta wamekwisha kuvuka kijito.

Jioni Mwalimu Mkuu alikuwa akingoja kwenye lango la shule. Alikuwa mama mrefu, aliyenyooka kama rula, na mwavuli wake uliofungwa ulikuwa mkononi. Lori lilipofika hakusalimu. Aliwatazama mmoja mmoja wakishuka.

"Nani anaumwa tumbo?"

"Hakuna!" walijibu.

"Na wewe mdogo?"

"Linaniuma kwa njaa tu, Mwalimu Mkuu," Kidonge alisema.

"Vizuri. Kwa hiyo safari ilikwenda bila tatizo."

Mwalimu wa Sayansi alifungua kinywa. Kabla hajasema, Kimbelembele alipiga hatua mbele. Safari hii hakuinua mkono. Alijua kwamba neno "ndiyo" lingetosha, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu kuziua ziara zote za shule.

"Lilikuwapo tatizo, Mwalimu Mkuu. Nililileta mimi."

Akaeleza yote: viatu, mkaa uliozimika, dumu lililojikunja, kata za maji ya bomba, na namna alivyowajibu mama na Mwalimu. Akaeleza habari za Kidonge na kikombe. Alipofika kwenye sufuria na kijito, Bwana Swali alishindwa kuvumilia.

"Mwalimu Mkuu, na wazo la kupoza lilikuwa lake!"

"Sijakuuliza wewe." Mwalimu Mkuu aligeukia kundi zima. "Sikilizeni, kwa maana sitarudia. Mwaka jana wanafunzi waliugua kwa sababu maji yalikuwa machafu, na kila aliyeyaona alinyamaza akidhani ataonekana msumbufu. Leo maji yalikuwa machafu vile vile. Tofauti ni kwamba mtu mmoja alisema kabla hamjanywa, ingawa alijua mtamchukia." Alimtazama msichana. "Usijisifu. Ulipewa kazi ya jioni ukaipeleka asubuhi kwa sababu ya viatu. Kisha ukaulizwa swali, ukajibu kipande cha kweli kilichokufaa na kuficha kipande kilichowafaa wenzako. Mtu akiulizwa habari ya maji, dawa, chakula, au chochote kitakachoingia katika miili ya watu, hujibu habari yote. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu Mkuu."

"Safari ijayo hutakuwa kiranja wa maji. Utamsaidia atakayekuwa, utakoka moto, utasimama hapo mpaka maji yapoe, na utajifunza kungoja."

Msichana aliinua uso. Wenzake nao waliinua nyuso.

"Mwalimu Mkuu," Bwana Swali aliuliza kwa tahadhari kubwa, "umesema safari ijayo?"

"Kiswahili changu kina kasoro gani?" Mwalimu Mkuu alisema, akageuka na mwavuli wake.

Kelele zilizolipuka nyuma yake zilisikika hadi mitaani. Na Kimbelembele, ambaye sasa wenzake walikuwa wakimsukuma na kumtingisha kwa furaha, alitulia tuli katikati yao kwa mara ya kwanza tangu jana, akapumua.